Kondo la nyuma ni kazi ya kirusi

Wengi wetu tulilijua neno virusi kwa Ukimwi, kisha Ebola, kisha Uviko-19. Hofu hiyo ina sababu, na aliyewahi kuuguza haidharau. Ila imetufanya tuhukumu ukoo mzima kwa waliotuumiza.

Mtazame mkunga mtoto akishatoka. Kondo la nyuma huliweka kwenye bakuli, hulikunjua, hulipitia kwa vidole pande zote mbili asije akaacha kipande tumboni. Tabaka lake linaloogelea kwenye damu ya mama ni seli zilizoungana zikawa utando mmoja. Humo ndimo chakula na oksijeni hupitia kumfikia mtoto. Kinachoziunganisha ni protini iitwayo sinsitini, na jeni lake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, asili yake ni kirusi. Mamilioni ya miaka iliyopita kirusi hicho kilipenya hadi kwenye mbegu za uzazi za mababu zetu, kikarithiwa. Protini iliyokuwa ikikifungulia mlango wa seli, mwili ukaichukua kujengea kondo. Hayo yalijulikana mwaka 2000. Mwaka 2009 watafiti walizima jeni la namna hiyo kwa panya, na vijusi vikafia tumboni. Tena jeni la panya lilitoka kwa kirusi kingine kabisa, si hiki chetu. Yaani jambo hili limetokea zaidi ya mara moja. Takriban asilimia 8 ya vinasaba vya binadamu ni mabaki ya virusi wa jamii hiyo.

Jamii hiyohiyo, atasema mpinzani, ndiyo ya VVU. Ni kweli. Ataongeza kwamba hata sumu ya kipindupindu, ile inayomkausha mgonjwa kwa saa chache, bakteria aliletewa jeni lake na kirusi. Hilo lilithibitishwa mwaka 1996. Hoja hii ni nzito, sina namna ya kuipunguza.

Lakini bakteria huyohuyo ana virusi wengine wanaomla. Mwaka 1896 Ernest Hankin, akiwa India, aliona maji ya mto Ganges yakiua bakteria wa kipindupindu. Yakichemshwa, nguvu hiyo ilipotea. Mwaka 1917 Félix d'Herelle alieleza wauaji wenyewe kuwa ni virusi walao bakteria. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2016, profesa Tom Patterson alikuwa hajitambui hospitalini San Diego, bakteria aliyemshambulia hasikii dawa. Mkewe, Steffanie Strathdee, mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza, aliwaandikia wanasayansi huku na huko akiomba virusi wa kumla bakteria huyo. Walipatikana, wakaingizwa kwenye mshipa, na siku chache baadaye mgonjwa akazinduka.

Kwa kawaida si tiba ya kununua dukani tu. Kila kirusi huchagua bakteria wake, na bakteria nao hujifunza kukikwepa. Kwa hiyo mara nyingi inabidi mgonjwa apimwe kwanza, kisha atafutiwe kirusi kinachomfaa, kama wanavyofanya Tbilisi, Georgia, ambako taasisi ya virusi hawa ilianzishwa mwaka 1923.