Noti za mhadhiri wa muda

Katika vyuo vikuu vya magharibi mwa Kenya kuna lawama iliyozoeleka: wahadhiri hawashirikiani, na wa muda ndio wamezidi. Mikutano ya idara hawahudhurii, noti wanazificha, na mwanafunzi akikosa alama hajui pa kuwapata.

Lawama hiyo haijatoka hewani. Wahadhiri wawili wakifundisha mada moja bila kujuana, anayeumia ni mwanafunzi. Isitoshe, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wanatarajiwa vyuoni 2029 wakiwa wamezoea kazi za vikundi na miradi. Kuwapokea kwa mtindo wa kila mhadhiri na darasa lake kutakuwa kuwarudisha nyuma.

Lakini hebu mfuate huyo mhadhiri wa muda siku moja tu. Asubuhi anafundisha Kakamega. Akimaliza anadandia matatu hadi Majengo, pale anaunganisha nyingine ya Luanda, kwa sababu saa nane ana darasa Maseno. Mkutano wa idara aliyoiacha nyuma nao ni saa nane. Analipwa kwa saa alizofundisha. Saa ya mkutano haimo kwenye fomu yake ya madai, na hata zilizomo zinaweza kupita mihula kadhaa bila malipo. Mtu wa namna hii kuitwa mbinafsi ni kuonewa.

Suala la noti ndilo linaloniuma zaidi. Muhula huu amepewa kozi, ujao hana hakika. Zile noti, alizozitafutia mifano usiku baada ya usiku, ndizo sababu ya mwenyekiti wa idara kumpigia simu yeye na si mwingine. Mwenye ajira ya kudumu akigawa zake, mshahara wake haupungui. Wa muda akigawa, amemkabidhi mwenzake jembe kabla ya kujua shamba litalimwa na nani. Wapo wanaogawa hata hivyo, nami nawaheshimu sana, ila wema wao usifanywe sharti kwa wengine.

Kwa hiyo idara inayotaka ushirikiano ianze na mkataba wa mwaka mzima badala ya muhula mmoja, na jina la aliyeandaa noti libaki juu yake hata kozi ikienda kwa mwingine. Kwenye fomu ya madai iongezwe mistari miwili: saa za mikutano na saa za kusahihisha pamoja.