Hewa ya Ghorofa Moja: Tugombanie au Tupeane Zamu?

Saa mbili usiku, katika ghorofa za Zimmerman au Pipeline jijini Nairobi, simu ikitafuta Wi-Fi huleta majina ya majirani yasiyoisha. Kila nyumba imelipia intaneti yake, lakini hewa inayobeba pakiti zao, yaani vipande vya data, ni moja. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana tunazotumia ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Mwaka 1971 huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake walianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio uliotumia njia ya kugombania. Mwenye pakiti aliituma papo hapo. Zikigongana, kila mmoja alisubiri muda wa kubahatisha, akarudia. Mpango huo hauhitaji msimamizi, na watu wakiwa wachache hakuna anayecheleweshwa. Wakizidi, mambo huharibika: kwa hesabu, chaneli haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Wi-Fi iliongeza adabu ya kusikiliza kabla ya kutuma. Hata hivyo, rauta ya chini kabisa na ya juu kabisa huenda zisisikiane, na simu iliyo katikati ikapokea kelele za zote mbili.

Njia ya pili ni kupeana zamu, nayo huondoa kugongana. Lakini mkazi wa Nairobi anaujua mgao wa maji: siku ya mtaa wako hufika hata tangi likiwa limejaa, huku mtaa wa pili umekauka. Matumizi ya intaneti nayo huja kwa vipindi. Mtu hufungua ukurasa, kisha akasoma kimya. Zamu isiyobadilika humpa nafasi asiye na la kutuma.

Watetezi wa kugombania husema angalau wote wana nafasi sawa. Hapo siafikiani nao. Wi-Fi ya kawaida husawazisha idadi ya pakiti, haisawazishi muda. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha jinsi kifaa kimoja cha polepole kinavyowashusha wote. Chukua kompyuta ya sebuleni yenye kasi ya Mbps 54, na nyingine ya chumba cha nyuma, kuta mbili za mawe katikati, yenye Mbps 6. Tukiacha gharama nyingine, wakipokezana pakiti kwa pakiti kila mmoja hupata Mbps 5.4. Wakigawana muda nusu kwa nusu, wa sebuleni hupata 27 na wa nyuma 3. Wa nyuma anaumia, tena si kosa lake. Bado nauchagua mgao wa muda, kwa kuwa muda wa hewani ndio mali yetu ya pamoja.

Wi-Fi 6, kizazi cha sita cha Wi-Fi kilichoidhinishwa rasmi 2021, huiruhusu rauta kugawa chaneli ya MHz 20 kwa vifaa hadi 9 kwa wakati mmoja. Ni hatua njema, ila rauta hupanga watu wa nyumba yake tu. Kati ya nyumba na nyumba ugomvi uko palepale. Mtandao mmoja wa jengo zima ungeumaliza, lakini ungempa mwenye nyumba mamlaka ya kuamua nani ahudumiwe na kwa bei gani. Ningeukubali iwapo tu wapangaji wangeruhusiwa kuuona mgao huo na kuupinga.