Mama Amebonyeza "Nimemeza"

Saa mbili usiku simu ya mama ikalia. Hata hakuitazama vizuri: akabonyeza "Nimemeza", kelele ikakoma, akarudi kwenye mchicha wake. Nilikuwa nimeketi hapo hapo jikoni, Likoni, nikingoja anyanyuke akachukue maji. Wapi!

"Mama, na dawa?"

"Leo si zamu yake, mwanangu."

Zamu! Dawa ya presha, ya kila siku, mama anaimeza siku moja na kuruka moja ili karatasi ya vidonge ifike mwisho wa mwezi. Zahanati iliishiwa, duka la dawa halikopeshi. Na mimi niliyempakulia hiyo programu ya kumkumbusha dawa nilikuwa napokea ripoti kila Jumapili: asilimia 100, wiki nane mfululizo, na kikombe cha dhahabu juu. Nikajigamba nacho kwenye kundi la familia.

Waliotengeneza kitu hiki wanadhani mgonjwa ni msahaulifu. Mama yangu? Huyu anayekumbuka hadi leo nani alikuja mikono mitupu kwenye matanga ya babu? Hakusahau. Alikuwa na shida, na kwenye kioo kile kuna vitufe viwili tu: "Nimemeza" na "Nikumbushe baadaye". Cha shida hakipo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hapa Kenya jambo hili lilishajaribiwa zamani, enzi za mulika mwizi. Kati ya 2007 na 2009, wagonjwa walioanza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, katika kliniki za Nairobi na Kajiado walitumiwa ujumbe mmoja kwa wiki: "Mambo?" Basi. Hakuna neno dawa, kwa hiyo hata jirani akiishika simu yako haambulii kitu. Unajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema shida, au ukinyamaza, mhudumu wa kliniki anakupigia. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010: waliopata ujumbe, asilimia 57 virusi vilidhibitiwa, wasiopata, 48. Siyo muujiza, lakini hapo kuna mtu anayepiga simu. Kule Chulaimbo nako, magharibi mwa Kenya, utafiti mwingine uliona ujumbe wa kila wiki ukisaidia, na wa kila siku haukuleta tofauti. Sikio huzoea kengele, kama tulivyozoea honi za matatu.

Haya, nikubali: kaka yangu anaendesha trela hadi Malaba, hajui leo Jumanne au Alhamisi, na kwake kengele inafaa.

Ile programu nimeifuta. "Mambo?" siwezi kumwandikia mama, atanichapa na umri wangu huu. Jumatatu nikaandika: "Shikamoo mama. Vidonge vimebaki vingapi?"

Jibu likaja baada ya saa tatu: "Marahaba. Vinne. Na tokeni za stima zimekwisha."