Haumi Huyo

Jumapili jioni nimekaa zangu kwenye benchi la bustani, miguu nimeinyoosha, mtoto yuko kwenye bembea, najisemea leo kwa mara ya kwanza wiki hii hakuna anayenidai wala anayenipigia simu, mara nasikia sauti kutoka kule mbali, mbali kabisa, sauti ya mtu aliyetulia ambaye hana haraka na dunia, inasema "haumi huyoo!" Na mi kabla sijageuka nilishajua jioni imeharibika. Maana neno haumi halijawahi kusemwa kwa ajili ya njiwa. Hakuna mtu amewahi kupita na kuku wake akakwambia usijali huyu haumi. Ukisikia haumi ujue kuna meno yako njiani na yanakuja kwa kasi.

Nageuka, kitu cheusi kinakuja kama pikipiki iliyokatika breki, kamba inaburuzika nyuma haina mtu, ulimi umening'inia upande. Mwenye mbwa yuko nyuma huko, mkono mmoja mfukoni, anatembea. Anatembea jamani! Mnyama wake anakuja kwa spidi ya ambulensi yeye anatembea kama mtu anayeenda kutoa pole.

Binti yangu ana miaka 5. Alivyoruka kutoka kwenye bembea sikuona, nilichohisi ni mtu ananipanda kama mwembe, goti, tumbo, bega, akaja kutua kichwani akashika masikio yangu mawili kama usukani. Mbwa akafika, akasimama, akaanza kunusa kiatu changu taratiiibu kama anasoma mkataba. Kimya. Halafu kutoka huko juu nikasikia kisauti kinatetemeka kinamwambia mbwa:

"Shikamoo."

Mtoto huyuhuyu ambaye wageni wakija nyumbani lazima umfinye kwanza ndo asalimie.

Mwenye mbwa akawasili mwishoni, anatabasamu, "Haumi huyu kaka, anapenda sana watoto." Sikatai. Hata mi napenda sana samaki, swali ni unawapenda kivipi. Na kitu kinachoniuma zaidi ni hiki, pita nyumbani kwa huyohuyo, getini kuna kibao kimeandikwa kwa herufi nyekundu MBWA MKALI, na kichwa cha mbwa kimechorwa meno nje. Sasa ndugu yangu tuelewane. Akiwa ndani ya geti ni mkali, akivuka geti tu anageuka mpole anayependa watoto? Huo ukali anauacha wapi, kwenye ndoo? Au kibao ni cha mbwa mwingine, na kama ni cha mwingine, huyo mwingine yuko wapi muda huu?

Halafu akaniambia ile sentensi ambayo wenye mbwa wote duniani nadhani wanapewa siku ya kumchukua mbwa: "We usiogope tu, akijua unaogopa ndo anakusogelea." Huo sasa ni ushauri? Ni sawa na kumwambia mtu anayezama ajitahidi asilowe.

Usiku sikulala, nikaingia mtandaoni kutafuta kama kweli wananusa woga, maana kama kweli basi mi pale nilikuwa nanukia kama duka zima la marashi. Nikakuta mwaka 2018 kuna watafiti wa Italia walichukua jasho la watu waliokuwa na hofu na jasho la watu waliokuwa na furaha wakawanusisha mbwa. Wale walionusishwa hofu mapigo ya moyo yakapanda, wakakosa raha, wakawa wanamkimbilia mwenye mbwa wao. Soma tena hapo. Mbwa akinusa woga wangu anaingiwa na wasiwasi na yeye! Kwa hiyo pale kwenye bembea tulikuwa watatu tunaogopana, mi, mtoto na mbwa, asiyeogopa ni yule mmoja tu mwenye mkono mfukoni, ambaye ndo alitakiwa kushika kamba.

Na mtoto ana haki yake ya kuogopa, watu wazima huwa tunasahau urefu. Mi mbwa yule ananiishia kiunoni, nikimwangalia naona mgongo. Binti yangu wanaangaliana macho kwa macho. Hebu fikiria unatembea zako unakutana na mtu ambaye kichwa chake kiko sawasawa na chako, pua imelowa, anahema mdomo wazi, ana meno 42 na we una 20, yote ya utoto na moja linacheza. Ungesalimia tu na wewe. Ndo maana watoto wadogo wakiumwa mara nyingi inakuwa usoni, kichwani au shingoni, sio kwamba mbwa kachagua, ndo panapofikika.

"Angalia mkia unavyotikisika, kafurahi huyo." Hiyo nayo nilikuwa naamini miaka yote, kumbe mkia kutikisika maana yake mbwa kachangamka, sasa kachangamkia nini hilo ni jambo la pili. Ukiona mwili umekakamaa, mkia uko juu unatikisika harakaharaka, huyo ana ajenda yake. Akipiga miayo sio lazima ana usingizi, akijilamba mdomo sio lazima ana njaa, na akigeuza uso pembeni ule weupe wa jicho ukaonekana, hapo anakuambia kistaarabu kabisa kwamba naomba uniondolee huyu mtoto. Kistaarabu kuliko ninavyowaambiaga mi wageni wanaochelewa kuondoka.

Lifti ndo sitaki hata kuizungumzia. Mlango unafunguka, ndani kuna mama mmoja mtu mzima na mbwa mkubwa kama sofa, mama ananiambia kwa upole "ingieni tu baba, pako nafasi." Nafasi ya nini mama? Nikajipapasa mifuko, "aah, nimesahau funguo," tukapanda ngazi ghorofa saba na mtoto mgongoni. Kesho yake hivyohivyo nimesahau funguo. Siku ya tatu yule mama akaniambia, "Mwanangu, hizo funguo zifunge shingoni."

Halafu kuna hawa wa mzigo. Nisiwaonee, wengi wanaokota. Ila kuna mmoja simwelewi, mbwa akishamaliza anainama, anakusanya vizuri, anafunga mfuko wa plastiki fundo mbili safi kabisa, halafu anautundika kwenye tawi la mti anaondoka. Sasa umefunga zawadi unamwachia nani? Bora ungeacha tu mvua ije, ingawa hapana, usiache, maana mle kuna mayai ya minyoo yanayoweza kukaa kwenye udongo miezi na miezi, na pale kwenye mchanga ndo watoto wanapikia vyakula vyao vya kuigiza na wengine wanaonja kweli.

Basi nikarudi nyumbani nikamsimulia mke wangu yote haya nimesimama katikati ya sebule, mikono hewani, nalaumu wenye mbwa, nalaumu bustani, nalaumu aliyevumbua kamba fupi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Nani anamwambiaga huyu mtoto asipolala mbwa atakuja kumchukua?"

Nikaenda kuangalia kama mlango umefungwa.

"Rudi hapa. Na ukiona mbwa barabarani nani anamkamata mkono mpaka anapiga kelele? Mtoto atajuaje kwamba mbwa ni wa kuogopwa kama sio wewe?" Hapo alinimaliza. Maana wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mi hata kuumwa sikuumwa, nilikimbizwa tu na mbwa nikiwa darasa la tatu, nikakimbia, yeye akaona kitu kinakimbia naye akakimbiza, ndo walivyoumbwa, ukikimbia unakuwa mchezo. Nilikuja kuambiwa baadaye yule mbwa alikuwa na miguu mitatu. Hiyo sehemu sijawahi kumsimulia mtu, nimeisema hapa, iishie hapa.

Mke wangu hakuishia hapo. "Na kama angekuuma ungefanyaje?" Nikamjibu ningelia. Akaniambia baada ya kulia sasa, unakiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kumi na tano kwa saa sio kwa kukadiria, halafu hospitali kwa ajili ya chanjo, usisubiri uone kama mbwa atakufa, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kupona ni kama hakuna. Eti chanjo yenyewe ipo tangu 1885, Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, alisimamia daktari akimchoma sindano mtoto wa miaka 9 anaitwa Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto akapona. Kwa hiyo kuna mtoto ameokolewa miaka mia na zaidi iliyopita halafu mi mwaka huu mpango wangu ni kulia.

Jumapili iliyofuata nikamvizia yule jamaa wa mkono mfukoni. "Samahani kaka, hivi huyu amechanjwa?" Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. Kisha akatoa simu akanionesha picha ya kadi ya mbwa, tarehe zote zimejazwa, mihuri, sahihi, mwandiko mzuri. Kadi ya mbwa imenyooka kuliko yangu. Yangu sijui hata iko wapi. Nikaona huyu mtu sio mbaya, shida yake ni kamba tu, na kwa kweli tulipoongea akasema hakuna aliyewahi kumwambia, watu wakimwona huwa wanacheka kwa woga yeye anadhani wamefurahi. Sawasawa na mkia.

Tukakubaliana. Maana nilikuwa nimesoma habari za mama mmoja Mmarekani, Mary Cover Jones, mwaka 1924 aliandika kuhusu mtoto wa karibu miaka mitatu aliyekuwa anaogopa sungura, alichofanya ni kumpa mtoto chakula anachokipenda huku sungura yuko mbali, siku nyingine anasogezwa kidogo, siku nyingine kidogo tena, mpaka mtoto akawa anamchezea. Nikasema hii naiweza, mtaji wake ni biskuti na mabenchi. Jumapili ya kwanza sisi benchi la mwisho kabisa, mbwa kule amefungwa kamba fupi, mtoto anakula biskuti. Jumapili ya pili tukasogea benchi moja. Mtoto anaendelea vizuri, hata mbwa hamwangalii, anaangalia biskuti. Jumapili ya tatu biskuti ziliisha kabla hatujafika benchi la tatu na mtoto alikuwa amekula mbili tu. Zilizobaki zilikuwa zimeliwa na mtaalamu.

Na masomo nikawa nampa, tena kwa kidole kabisa. Usikimbie. Usipige kelele. Muulize kwanza mwenye mbwa, kisha mwache mbwa mwenyewe aje anuse, umshike kifuani au ubavuni usimtue mkono juu ya kichwa, na akiwa anakula au amelala achana naye, hata wewe ukivutwa mkia umelala ungekasirika. "Mi sina mkia baba." Sawa, ndo maana huumi. Na mbwa usiyemjua akikujia, unakuwa mti. Mikono umeikunja, umenyamaza, macho yanaangalia viatu vyako, hutikisiki. Mti haukimbii, mti haupigi kelele, mbwa atanusa ataona hakuna habari ataondoka. Tulifanya mazoezi sebuleni, mtoto mbwa mimi mti, mimi mbwa mtoto mti, jirani akafungua mlango akaufunga.

Jumapili ya tano binti akasimama mwenyewe, akajifuta makombo ya biskuti, akaenda. Hakuniangalia hata. Nikamsikia, "Anko, naweza kumshika?" Yule jamaa akachuchumaa akamshika mbwa vizuri, mbwa akanusa kale kamkono, mtoto akamgusa kifuani kidole kimoja, halafu viwili, halafu kiganja chote, akacheka kile kicheko chake cha kukwama, na mi nikiri tu macho yalilowa kidogo.

"Baba njoo!"

Nikamwambia baba naona vizuri tu kutokea hapa.

"Baba hajakusalimia!" Na kabla sijajibu yule jamaa kampa mtoto ashike kamba pamoja naye, mbwa akaona benchi, akaona mimi, au alikumbuka kiatu, sijui, akavuta, mtoto akaachia anacheka, na yule bwana naye, baada ya wiki tano za makubaliano, kaachia. Nikasimama. Miguu ilishaelekea getini lakini mtoto ananiangalia, na masomo nimetoa mwenyewe kwa kidole. Nikawa mti. Nikakunja mikono, nikanyamaza, nikakodolea viatu vyangu, sitikisiki, hata kupumua nilipunguza. Mbwa akafika. Akanusa. Akazunguka mara moja. Akanusa tena kwa utulivu kama fundi anayekagua ukuta, akaridhika kwamba huu ni mti kweli.

Na kwa kuwa macho yangu yalikuwa viatuni, mguu wake wa nyuma ulipoanza kunyanyuka niliona kila kitu.

"Haumi huyoo!" sauti ikatoka kule mbali.

Na binti yangu anakuja mbio, kisha akakumbuka asikimbie, akaja kwa hatua ndogondogo, kidole mdomoni, ananong'ona:

"Baba usitikisike, hajamaliza."