Watu kumi na wanne, na mchezo ukaanza

Jumanne iliyopita mvua ilinyesha hapa Norwich, Uingereza, tangu asubuhi, ile mvua ya huku isiyo na radi wala haraka. Nilitoka kazini nimechoka, nikapitia chumba kimoja nyuma ya mkahawa ambako vijana huigiza michezo yao. Mlangoni alikaa bibi wa makamo ya mama yangu, mbele yake sanduku la bati la pesa na kitabu cha tikiti. Nikalipa pauni nane. Ndani mna viti kama arubaini. Nikavihesabu vilivyokaliwa: kumi na vinne, changu kikiwemo. Ilipogonga saa moja na nusu taa zikazimwa, bibi akafunga mlango, na waigizaji wawili wakaanza. Hawakungoja watu waongezeke. Hakutambulishwa mtu. Wakaigiza zaidi ya saa nzima, jasho linawatoka, kama wanaigizia mji mzima.

Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nalia, na sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya Amu, mji wetu wa Lamu.

Waliokuwa nami kwenye kundi letu la michezo ya kuigiza kule Langoni, Amu, wanajua ninalia nini. Tulifanya mazoezi miezi mitatu, kila siku baada ya Alasiri, kwenye darasa la kuazima. Ukumbi tuliuomba kwa barua na tukakubaliwa. Siku ya mchezo, saa tisa mchana, tukaambiwa ukumbi una wageni wa semina. Tukahamia uwanjani, tukaazima spika na waya. Watu wakaja, wengi, wakina mama na mikeka yao. Kisha tukangoja mgeni rasmi. Saa mbili, saa tatu, saa nne kasorobo. Watoto wakalala mapajani, wakina mama wakaanza kukunja mikeka. Alipofika alihutubu, tukaambiwa tufupishe. Mchezo wa saa moja na robo tukauigiza kwa dakika ishirini. Malipo yetu yalikuwa fulana moja moja na soda. Kiingilio hatukutoza, kwa sababu kila tuliyemuuliza alisema watu wetu hawalipi kutazama.

Najua mtakavyonijibu, kwa hivyo nianze mimi. "Miaka saba Ulaya, ushaanza kutudharau." Sijamdharau mtu. Mama yangu ni mtu wa vugo, ngoma ya arusi ya wanawake ya kugonga pembe. Pembe yake ya nyati iko nyuma ya kabati, imezungushiwa kanga, ncha yake imepasuka na kufungwa uzi wa nyavu. Nilikuwa na miaka tisa aliponipa kwa mara ya kwanza na kunishika mkono. "Mwanangu, mkono usiukaze," akaniambia, "kifundo ndicho kisemacho." Usiku ule wa arusi tulipita vichochoroni tunaimba hadi sauti zikatukauka, na sauti ya zile pembe ikigonga kuta za mawe pande zote mbili sijaisikia tena popote. Huku Norwich sijaona mtu awezaye kufanya vile. Wala sijaona kitu cha kulinganisha na kirumbizi, ngoma ya fimbo, pale uwanja wa Mkunguni, zumari linalia, wanaume wawili wanazungukana na fimbo zao, na fimbo inakwenda kwa kasi ya kuvunja mfupa kisha inasimama ukucha mmoja kutoka begani. Ule ni uigizaji wa watu waliojifunza tangu utotoni. Kwa ufundi, hawa wa huku wangekuja kukaa mkekani kwetu wajifunze.

Walichotupita ni mlango. Mlango unaofunguliwa Jumanne, arusi isipokuwepo, mfadhili asipokuwepo, na mtu amekaa hapo na kitabu cha tikiti.

Sisi sanaa yetu tunaitoa kabatini kwa arusi, na kwa tamasha la utamaduni la kila mwaka, siku chache, mabango na vipaza sauti, kisha tunairudisha kabatini. Katikati, mchezaji anaitwa hotelini wakati wa magharibi, anaambiwa acheze dakika kumi wageni wakisubiri chakula. Kijana aliyeandika mchezo wake mpya, wenye maneno ya watu wa leo, auchezee wapi? Auchezee nani mwezi wa tatu?

"Wenzako wana serikali inayowapa pesa." Kweli, kuna Arts Council England, baraza la kufadhili sanaa, na sehemu ya pesa zake zinatoka kwenye bahati nasibu. Mimi pesa za kamari siziombei mji wangu. Lakini si kila ukumbi wa huku ulijengwa na serikali. Hapa Norwich kuna ukumbi wa michezo uitwao Maddermarket. Ilikuwa kanisa dogo la Wakatoliki, baadaye ikawa kiwanda, na mwaka 1921 bwana mmoja, Nugent Monck, akaigeuza jukwaa. Waigizaji wake hawakuwa wa kulipwa, na alitaka hata majina yao yasitajwe. Hadi leo waigizaji ni watu wa mji wa kujitolea, mchana wana kazi zao nyingine. Sasa mtasema, "Umeona? Hata wao hawalipwi!" Nimeona. Lakini tikiti inalipwa. Pesa ya tikiti inaziba paa, inanunua taa, na mwakani chumba kipo palepale. Hilo ndilo ninalolipigia kelele. Anayetaka kujitolea ajitolee, mradi apate pa kujitolea.

Na majengo ya kale tukisema hatuna tutakuwa tunamdanganya nani? Ngome yetu ya Amu ilikamilika 1821, Waingereza wakaifanya jela, na jela ikabaki hadi 1984 ilipokabidhiwa Makumbusho. Jengo lililoweza kuwa jela miaka yote ile lishindwe kutoa ua wake jioni mbili kwa juma? UNESCO ilituandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mji ni watu pamoja na mawe. Hapa Norwich kuna kanisa la kale, la Mtakatifu James, ambalo tangu 1980 ni ukumbi wa vikaragosi vya watoto. Nilimpeleka mwanangu. Alikaa mbele kabisa, mdomo wazi, na alipotoka aliniuliza kama kwa nyanya yake viko. Sikuwa na jibu.

Nisiwaonee watu wa nyumbani. Kafyu ya 2014 ilitunyang'anya usiku, na mji uliozoea kulala mapema kwa amri haurudi kukesha kwa siku moja. Mambo ya usiku yakafa moja baada ya jingine, kisha tulipoanza kupumua ikaja korona. Wakati wa kafyu nilikuwepo. Nilimuona mpiga zumari wa mtaani kwetu akipiga sebuleni kwake saa kumi jioni, mlango umerudishwa, ili tu mashavu yasisahau.

Wengine watanijia kwa dini, na hao nawasikiliza kwa heshima kwa sababu ni wazee wangu. Mwanamke asimame mbele ya wanaume? Basi tusimame mbele ya wanawake. Vugo na lelemama, ngoma nyingine ya wanawake, vimekuwa na nyua zake miaka yote na hakuna mwanamume aliyechungulia. Fungueni chumba kimoja, Jumamosi mchana cha wanawake na watoto, jioni cha wanaume. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema shilingi mia ni nyingi kwa mchezo, nao wana mia ya miraa kila siku.

Nimemaliza kuzungumza na mama jana. Darasa lile la kuazima bado lipo, mwenyewe amekubali kulikodisha kwa Ijumaa nne za Disemba. Viti tutaazima, wengine watakaa mikekani. Mama mwenyewe atakaa mlangoni na sanduku la pesa, kakubali kwa sharti nimletee miwani mipya. Kiingilio shilingi mia moja, watoto hamsini. Tutaanza saa mbili na nusu, watu wakishasali Isha, na mlango utafungwa saa hiyohiyo, tukiwa mia au kumi na wanne.