Reli nyepesi za paani: uzito unaukwepa ngazini, unakusubiri ukingoni

Fundi anayepanda kwenye slabu ya ghorofa ya nne kusafisha simtanki au kufunga sola hukaa huko saa mbili, pengine tatu. Ukingo wa slabu una kijiukuta cha tofali kinachomfika magotini, au hauna kitu kabisa. Mwambie azungushie kwanza uzio wa mabomba ya chuma, atacheka, na ana haki ya kucheka: kuyapandisha tu kungemla siku nzima na vibarua wanne. Ndiyo maana wazo la reli nyepesi za kubebeka, zinazopandishwa asubuhi na kushushwa jioni, linavutia. Mimi linanivutia na kunitia wasiwasi kwa sababu ileile moja, nayo ni wepesi wenyewe.

Sifa zake kwanza. Chukua bomba la kawaida la jukwaa, kipenyo milimita 48, unene milimita 4. La chuma lina kilo 4.4 hivi kwa kila mita. La aluminiamu la vipimo hivyohivyo lina kilo 1.5. Kipande cha mita tatu chenye reli mbili, ya juu na ya kati, kinakuwa kilo 26 kwa chuma na kilo 9 kwa aluminiamu, bila kuhesabu nguzo. Aliyezoea kubeba mfuko wa saruji wa kilo 50 atauliza kilo 26 ni nini. Lakini mfuko hukaa begani, na bega hupanda nao ngazi za zege. Kipande cha mita tatu hugonga kila kona, na ngazi ya mwisho ya kutokea paani mara nyingi ni ya chuma, imesimama wima, inataka mikono yote miwili. Cha kilo 9 unakifunga kamba na kukivuta ukiwa umesimama mbali na ukingo.

Kuna pia hoja dhidi ya mkanda wa usalama, ambao wengi huuona kuwa jibu rahisi zaidi. Mkanda humlinda aliyeuvaa peke yake, tena pale tu alipoufunga kwenye kitu kisichong'oka. Mtu akidondoka akadakwa nao, anabaki ananing'inia, na lazima ateremshwe haraka kabla damu haijakwama miguuni. Nani atamteremsha, kama msaidizi wake ni kijana mmoja aliye chini anachanganya rangi? Reli haimwulizi mtu kama amevaa nini. Humlinda fundi, msaidizi wake, na mwenye nyumba aliyepanda kuchungulia kazi akiwa na kandambili. Kanuni za Uingereza za kazi za juu za mwaka 2005 zimelipanga hivyo: kinga ya watu wote hutangulia kinga ya mtu mmoja.

Hadi hapo mtetezi wa reli nyepesi anaongoza. Tatizo linaanza mtu anapoiegemea.

Reli ya kusimama yenyewe, isiyotobolea slabu, ni wenzo tuliofundishwa shuleni. Egemeo liko kwenye mguu wa nguzo karibu na ukingo. Mtu anaisukuma reli ya juu kwenda nje. Upande wa ndani, mwisho wa mguu mrefu, umewekwa uzito wa kuizuia. Sasa angalia vipimo. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka reli ya juu iwe sentimita 107 kutoka chini, ikipungua au kuzidi sentimita 8, na ihimili nguvu ya nyutoni 890, sawa na uzito wa mtu wa kilo 91. Kiwango cha Ulaya cha uzio wa muda, EN 13374, katika daraja A la mapaa yasiyoinama kupita nyuzi 10, kinataka kimo kisichopungua mita moja na nguvu ya mlalo ya nyutoni 300 tu. Ukiweka uzito mita moja na nusu ndani ya egemeo, na kuacha kando msaada wa nguzo jirani na uzito wa reli yenyewe, kipimo cha Ulaya kinahitaji kilo 20 na kidogo kwa nguzo. Cha Marekani kinahitaji kilo 65.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi wote. Anayeunga mkono kilo 20 atasema daraja A limekusudiwa mtu anayeegemea au anayetembea akaigusa reli, wala si anayeserereka kutoka mteremkoni. Ni kweli, na kwa mkaguzi anayepita na kalamu yake inatosha. Lakini kwenye mapaa yetu nawaona watu wawili wamebeba paneli ya sola ya kilo ishirini na kitu, mmoja anarudi kinyumenyume. Huyo akiifikia reli haegemei. Anaigonga kwa mgongo pamoja na mzigo wake. Kwa kazi hiyo mimi niko upande wa kilo 65, ingawa najua zinaua nusu ya raha ya kuitwa "nyepesi".

Lakini je, uzito huo lazima upande na fundi? Hapa ndipo wabunifu wa kwetu wangeweza kuwashinda wa nje, wanaouza vitako vya mpira au chuma vya kilo 25 kila kimoja. Dumu la lita 20 hupanda tupu, likajazwa maji ya simtanki lililo hukohuko juu: kilo 20 bila jasho. Ni wazo zuri lenye kasoro ya kibinadamu. Siku ya mgao wa maji, dumu lililojaa paani ni riziki ya mtu, na atakayelimimina kuogea hatakuja kumwambia fundi. Mchanga ni salama zaidi. Dumu lilelile likijazwa mchanga mkavu linafika kilo 30, hakuna anayeuiba kuogea, na unaweza kupandishwa kidogokidogo kwa kapi. Tena unaweza kubaki paani miaka yote, chini ya kivuli cha tangi ili jua lisiile plastiki. Fundi anamiliki reli, mwenye nyumba anamiliki uzito. Kinachobebeka kinaondoka na kisichobebeka kinakaa.

Wengine hupendekeza njia ya mkato: nguzo yenye jiriwa inayobana kijiukuta cha ukingoni, bila uzito wowote. Kwenye ukuta wa zege lenye nondo ni ufumbuzi bora kuliko wote. Kwenye tofali za inchi sita zilizojengwa juu ya slabu bila kufungwa na chochote, nguvu yote inahamia kwenye mstari mmoja wa udongo wa saruji. Reli haitapinda, itaondoka na ukuta, na wapita njia walio chini watapata tofali pamoja na fundi.

Aluminiamu nayo ina masharti yake. Hupinda mara tatu ya chuma chini ya mzigo uleule, na ikichomelewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kando ya mshono. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanachomelea chuma usiku na mchana, lakini reli ya aluminiamu iliyovunjika isipelekwe kwao irudi na mshono mpya. Ifungwe kwa bolti tangu mwanzo.

Kwa paa la bati sina maneno mengi. Reli ya uzito haina pa kukaa, na hatari kubwa mara nyingi haiko ukingoni: iko kwenye bati la plastiki la kuleta mwanga au shiti kuukuu la asbesto, ambapo mguu unapita moja kwa moja. Hapo tafuta jukwaa la chini, hata la mirunda.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: anayefunga reli ukingoni yuko ukingoni bila reli. Kwa kazi ya saa mbili, muda wa kuifunga na kuifungua unaweza kuwa ndio wakati wa hatari kuliko kazi yenyewe. Wamarekani, kwa kazi za kuezeka mapaa yasiyo na mteremko mkali, huruhusu kamba ya tahadhari yenye bendera, karibu mita mbili kutoka ukingoni. Vijiti vyake vinatakiwa kuhimili nyutoni 71 tu bila kuanguka. Haimzuii mtu, inamkumbusha. Tangi likiwa katikati ya slabu, ningechukua kamba hiyo na kuacha reli chini. Sola zikifika hadi ukingoni, reli ipande, nguzo zake zisukumwe kutoka ndani kwa mguu wao mrefu, na uzito utangulie kuwekwa kabla mtu hajasogea mbele.

Mbunifu ningemwomba kitu kimoja ambacho hakimo katika viwango nilivyotaja. Kikapu cha kuwekea dumu za uzito kisifunikwe. Reli itakayobaki paani wiki moja itaanikwa mashuka, upepo wa kusi utayajaza kama tanga, na atakayefika asubuhi anatakiwa aone kwa jicho, akiwa bado mlangoni, kama dumu zote zimo.