Wazee kazini nao wamechoka, sema hawasemi tu

Kuna maneno nimeyasikia sana ofisini mpaka yananikera, eti vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, wakipewa kazi kidogo tu wanalia stresi. Na vijana nao wanajibu chinichini kwamba wazee wameshazoea kunyonywa. Mi nina miaka 38, nipo katikati, nakaa meza moja na pande zote mbili, na naona kabisa kwamba wote wamechoka, ila kila mmoja anachoka kwa namna yake.

Kuna mama mmoja pale kwetu uhasibu, ana miaka 56, anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar. Anaamka saa kumi alfajiri ili saa mbili awe Posta mjini, na foleni za Gongo la Mboto mnazijua. Zamani ukimpa shikamoo ilikuwa lazima akuulize na watoto, na nyumbani, na ile homa ya juzi imeishaje. Mwaka huu ikaanza kuwa marahaba kavu, baadaye ikabaki "mm" huku macho yake yapo kwenye kompyuta. Watu wakasema mama siku hizi anaringa. Jamani haringi! Siku moja nimemkuta chooni amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, halii, hafanyi chochote, amekaa tu, nikamuuliza mama vipi, akaniambia "nimebakiza minne mwanangu". Yani anahesabu miaka ya kufika 60 kama mfungwa anavyohesabu.

Dogo wetu wa miaka 24 yeye hakukaa kwenye ndoo, aliandika barua akaacha kazi, basi. Wakamsema wiki nzima. Lakini huyo dogo alikuwa anatumiwa meseji kwenye grupu la WhatsApp la ofisi saa nne usiku, Jumapili, anaambiwa rekebisha ripoti asubuhi tuikute, na usipojibu unaambiwa hujitumi. Hana mtoto wa kusomesha, hana mkopo wa kiwanja, kwahiyo aliweza kuondoka. Mama wa Chanika hawezi. Hiyo ndo tofauti kubwa ya umri mi ninayoiona, uwezo wa kuondoka, mambo ya uvumilivu hayamo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka uchovu huu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ila halikuuita ugonjwa, limesema ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa vizuri. Dalili walizotaja ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujiweka mbali nayo, na kuona hakuna unachokifanya kikafanikiwa. Hebu zisome tena halafu fikiria ile "mm" ya mama. Na hapo kwenye "kazini" naomba watu pasiwapite, maana sisi tukiona mtu yuko hivyo tunamwambia akasali, apunguze mawazo, anywe maji mengi. Kusali ni vizuri, mi mwenyewe nasali, lakini grupu litalia tu saa nne usiku hata ukishasema amina.

Alafu sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imesema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, ovataimu inalipwa mara moja na nusu, na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Sasa ile ripoti ya Jumapili usiku nani aliwahi kuiandikia ovataimu? Ofisi nyingi hapa mjini ukiiulizia unaonekana mkorofi, na anayeogopa zaidi kuonekana mkorofi ni yule mwenye miaka 50 na kitu anayejua akitoka hapo hakuna wa kumwajiri tena.

Nikaenda mwenyewe kwa afisa utumishi, nikamwambia kwamba mama wa Chanika likizo yake ya mwaka jana hakuimaliza, alikatishwa siku ya tisa akafunge hesabu. Tumevutana wiki mbili hivi. Jumatatu ameondoka kaenda kwao Muheza, safari hii siku zote 28. Jana saa tatu na nusu usiku bosi kamtaja kwenye grupu anauliza faili la Juni liko wapi, kimya, watu wote wamesoma hakuna anayejibu. Nikaandika mimi: mama yuko likizo, faili nitakuletea kesho saa mbili nikifika.